Mafiga Niliyoyatupa Mtaroni

Siku niliyokabidhi ofisi nilirudisha ufunguo wa kabati, kofia ngumu ya pikipiki na pedi ya wino ya kupigia dole gumba. Mtunza stoo alipokea ufunguo na kofia. Pedi akaigeuzageuza, akasema haimo kwenye orodha yake ya vifaa, niende nayo. Nimekwenda nayo. Ipo mezani hapa ninapoandika, imekauka kama mkate wa juzi, na mke wangu ameshauliza mara mbili kama inaweza kutupwa.

Devota, aliyekalia kiti changu katika idara ya maendeleo ya jamii, ndiye aliyenitaka niandike. Anasema wageni hawaishi kuja Kibondo kuuliza jinsi kikundi cha akina mama kinavyoendesha jiko la halmashauri pale kituo cha afya, na kila wakija wanataka kuona mfumo. Siku hizi jambo hili limepata jina, linaitwa biashara jamii: mali ni ya umma, waendeshaji ni wananchi wenyewe, na kinachopatikana kinarudi kwa wenye shida. Devota huwaonyesha katiba, mkataba na chati ya uongozi yenye visanduku. Wageni hupiga picha visanduku, hunywa soda, huondoka. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, kwa sababu visanduku vile nilivichora mwenyewe, na najua havijawahi kupika hata kikombe cha uji.

Basi wanangu wa idarani, nawaandikia. Habari za vyeo naziruka. Vyangu vilichelewa kuja, na havikunifundisha kitu.

Nilizaliwa Kasulu mjini, nyuma ya duka la baba. Babu alikuja kutoka pwani na mzigo wa chumvi na vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Kiha changu kilikuwa cha sokoni: salamu naziweza, bei naziweza, mengine natabasamu. Nilipoajiriwa nilidhani Kiswahili changu ndio mtaji. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mama Skolastika, mwanamke mrefu wa Kiha aliyezunguka vijijini kwa baiskeli ya kiume. Aliniambia siku ya kwanza kwamba Kiswahili changu kitanichelewesha. Watu wa huku milimani, alisema, wakimsikia mtu anazungumza vizuri sana humwitikia "sawa", kisha wanaendelea na shughuli zao.

Halafu akaninyang'anya kalamu. Alinipeleka sokoni, akanikalisha kwenye benchi la wauza maharage, akasema nikae. Nikauliza nikae nikifanya nini. Akasema nikae tu. Jioni aliniuliza nimeona nini, nikasema sijaona kitu, kesho yake akanirudisha benchini. Siku ya nne ndipo nilipoona kwamba wauzaji wote humsubiri mama mmoja kipofu afungue gunia lake kwanza, na hakuna sheria ndogo ya halmashauri iliyowaagiza hivyo. Nilipomweleza, alinirudishia kalamu bila kunipongeza.

Kutumia pedi ya wino pia, yeye ndiye aliyenifundisha. Siku hizo wanakikundi wengi walisaini kwa dole gumba, na mimi nilikuwa nawavuta vidole kwa haraka ili foleni iishe. Mama Skolastika alinikuta nimemshika mzee mmoja dole, namgandamiza kwenye karatasi, naye mzee ameangalia pembeni kama anayechomwa sindano. Alinisogeza. Akamshika yule mzee mkono, akataja jina lake kamili kwa sauti, akangoja mzee aitike, ndipo akalibiringisha dole taratibu kutoka upande huu hadi huu. Tulipobaki wawili nilimuuliza utaratibu ule upo kwenye mwongozo gani.

"Haupo," akasema. "Lakini mtu asijesaini bila kuwepo."

Nilidhani ni mambo ya kizamani. Nilikuwa kijana, nilipenda miongozo.

Nilipenda miongozo kiasi kwamba kosa langu kubwa la kwanza lilitokana nayo. Lilikuwa ni choo. Upande wa Manyovu, kule malori ya Burundi yanakopumzikia, tulijenga choo cha umma kizuri, chenye vigae, tukakikabidhi kwa kikundi cha vijana wakiendeshe. Vijana walikuwa tayari. Mimi nikawaambia wasikifungue kwanza, maana mwongozo ulitaka mradi uzinduliwe na mgeni rasmi. Mgeni rasmi hakupatikana. Alipopatikana alipata udhuru. Misimu miwili ya mvua ikapita, madereva na wabadilisha fedha wanaingia kwenye migomba nyuma ya choo kipya, na vijana wangu wanakipiga deki kila asubuhi na kukifunga. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akaomba udhuru, akawa mtu wa kwanza kukitumia. Tulipiga makofi alipoingia. Alipotoka hatukujua tupige tena au tunyamaze.

Mnaweza kucheka, nami nacheka. Ila vijana wale walikuwa wameshavunjika moyo, na kikundi hakikumaliza mwaka. Mama Skolastika alipopata habari aliniuliza swali moja tu, kwamba vile vigae nilimwekea nani. Mwaka uliofuata alistaafu, na sikuwa nimempa jibu.

Nilihamishwa hapa na pale, Buhigwe, Kasulu tena, mwishowe Kibondo, nikiwa na mvi za kwanza. Huko ndiko nilikokutana na jiko.

Kwa asiyejua, kwenye vituo vyetu vya afya mgonjwa hulazwa na serikali na kulishwa na ndugu zake. Kwa hiyo nyuma ya wodi huwa kuna banda la halmashauri ambamo ndugu wa wagonjwa hupika. Banda letu lilikuwa na bati lililooza, moshi wa kutosha kukausha samaki, na ugomvi wa kuni kila siku ya Mungu. Mwenye ndugu wengi alipika mapema. Aliyetoka mbali bila sufuria aliomba. Mgonjwa asiye na mtu alikula kama jirani yake wa kitanda amekumbuka.

Aliyelibadilisha banda lile ni mwanamke mmoja aitwaye Anisia Nahimana. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Alikulia upande huu, akaolewa Busunzu, akalima Busunzu, na uraia ulipotolewa naye akapata cheti chake. Wote tulimwita Mama Yeremia, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuja kituoni kumuuguza mumewe. Kitanda cha pili alilazwa mzee asiye na mtu, basi Mama Yeremia akawa anasonga ugali wa watu wawili. Mume alifariki. Alizika, akakaa matanga, kisha akarudi kituoni na sufuria yake, kwa sababu yule mzee alikuwa bado hajapona. Siku nilipohadithiwa jambo hili nilitoka nje nikajifanya naikagua pikipiki.

Alipoona kwamba atakuwa anakuja kila siku, alileta mawe matatu ya kwake akayapanga karibu na mlango, yakawa mafiga yake. Msidhani ni mawe ya jiko la mama yake yaliyovuka mpaka. Mwandishi mmoja wa habari alitaka sana iwe hivyo. Yalitoka kilimani nyuma ya shamba lake, akayachagua kwa sababu hayapasuki. Wanawake wengine wakajiunga, na kila aliyejiunga alikuja na mafiga matatu kutoka kwake. Mama Tatu, mke wa mwenye duka la mjini, aliokota yake mtoni ili asihangaike kupanda mlima. Siku ya pili jiwe moja lililipuka motoni na sufuria ya maharage ikaenda chini. Alipanda mlima.

Waliuza uji asubuhi na ugali mchana kwa ndugu wa wagonjwa waliotoka mbali, wakawaazima sufuria na kuwauzia kuni. Na kila siku mwanachama mmoja alipika chungu kikubwa, ambacho hakikuuzwa, kwa ajili ya wagonjwa wasio na mtu. Zamu ilianza kwenye mafiga ya mlangoni, ya Mama Yeremia, ikafuata ukuta ikizunguka banda zima hadi irudi mlangoni. Mwanachama akiwa safarini, mafiga yake hulala baridi, hakuna anayeyagusa, na jirani yake kwenye mstari humpikia zamu. Akifariki, watoto wake huja kuyachukua na kuyapeleka kaburini. Vinginevyo mafiga hayaondoki jikoni.

Yote hayo niliyaandika kwenye daftari langu, kwa mwandiko mzuri. Shikeni hilo, kwamba niliyaandika.

Halmashauri nayo ilikuwa na mawazo yake. Kulikuwa na mzabuni aliyetaka eneo lile ajenge mgahawa wa kisasa, na watu wazito walimpenda. Nilipigania akina mama kwa miaka miwili, na hapo najisifu kidogo. Hatimaye ikakubaliwa kwamba kikundi kikisajiliwa rasmi, na kamati ya madiwani ikija kukagua na kuridhika, kitapewa mkataba wa kuliendesha jiko. Kisiporidhisha, eneo linakwenda kwa mzabuni.

Usajili ulitaka orodha ya wanachama na namba zao za kitambulisho cha taifa. Walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walikuwa na namba. Namba ya Mama Yeremia ilikuwa haijatoka. Kila akifuatilia anaambiwa arudi. Mimi nilikuwa na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha faili. Nikamwacha nje ya orodha.

Nilimwambia, ndiyo. Nilimwambia nikiwa juu ya pikipiki, injini inawaka, kofia kichwani, kwamba jina lake litaingia baadaye. Akasema, "Sawa, Bwana Maendeleo." Nikaondoka nimeridhika. Miaka yote ile tangu Mama Skolastika anionye juu ya neno hilo, na bado nilikwenda nalo barabarani nikidhani nimepewa ruhusa.

Baada ya usajili zikapatikana fedha za majiko sanifu ya matofali. Nilifurahi mno. Yalijengwa mwisho wa juma ili yasiwasumbue wapishi, majiko kumi na moja, moja kwa kila jina lililo kwenye orodha, na kila moja likaandikwa namba yake kwa rangi nyeupe. Mafundi waliniuliza mawe yale ya chini wayafanyeje. Nikawaambia wayatoe. Wakayapakia kwenye toroli, wakayamwaga pamoja na kifusi kwenye mtaro karibu na geti. Nilisimama pale nikiwahimiza. Kamati ingekuja Alhamisi, na nilitaka sakafu safi.

Jumatatu akina mama waliingia wakayatazama majiko. Walishukuru, wakapiga makofi yale ya heshima. Mama Yeremia alisimama mlangoni na kuni zake kichwani, akaangalia pale palipokuwa na mafiga yake. Pale fundi alikuwa ameweka ndoo ya kunawia mikono. Alimwachia kuni mwenzake mmoja, akaaga, akaenda kwao Busunzu. Niliona haya yote kwa macho yangu nikadhani ana dharura nyumbani.

Jumanne muuguzi wa zamu alinipigia simu. Alisema kuna wagonjwa watatu wodini wasio na ndugu, tangu jana hawajaletewa chakula, yeye amewanunulia mikate na hawezi kuwanunulia kila siku. Nilikwenda mbio. Jikoni moto unawaka, uji unauzwa, majiko yangu yanafanya kazi vizuri kabisa. Chungu kikubwa kilikuwa kimefunikwa kifudifudi sakafuni. Nikauliza zamu ni ya nani leo. Wakatazamana. Mmoja akasema hajui. Mwingine akasema labda kesho. Nikaeleza kwa Kiswahili changu kile kizuri kwamba kamati inakuja keshokutwa, kwamba ikikuta chungu kimelala mkataba umekufa na mgahawa unajengwa. Wakasema sawa.

Mama Tatu ndiye aliyenifuata nje. Alikuwa mtu wa Kiswahili kama mimi, hakuwa na subira ya kuzungushana.

"Bwana Maendeleo," akasema, "unauliza zamu. Zamu inaanzia wapi?"

"Mlangoni," nikasema.

"Mlangoni pana nini?"

Nikaangalia. Palikuwa na ndoo.

"Lile daftari lako sisi hatulijui," akasema. "Letu ulilipakia kwenye toroli. Na wewe ndiye uliyekuwa unasema harakisheni."

Aliniambia kwamba hawakukasirika, ila zamu ilikuwa imerudi mlangoni na hakuna aliyejua aanze wapi. Yeyote ambaye angepika chungu siku ile angekuwa amekaa mahali pa Mama Yeremia akiwa hai. Nilimuuliza kama mawe yakirudi kila mtu atayatambua yake. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa atawatambua watoto wake.

Jumatano asubuhi tulishuka mtaroni, mimi nimekunja suruali. Kwangu mawe yote yalikuwa mawe. Wao walipita wakichambua, hili ni langu, hili la kwako, lile lenye ukingo ni la fulani, bila kubishana hata mara moja. Saa nne mafiga ya watu kumi na mmoja yalikuwa yamerudi ndani, yamepangwa chini kwa mstari ule ule wa zamani, mbele ya majiko yangu ya matofali. Yakabaki matatu kwenye ukingo wa mtaro. Hakuna aliyeyagusa. Na mimi, badala ya kukaa nikafikiri, nikapata wazo.

Niliyatia kwenye gunia, nikalifunga nyuma ya pikipiki, nikaenda Busunzu. Nilitaka kumwomba radhi mwenyewe na kumwonyesha kwamba nimeyaokoa. Mama Tatu alikuwa ndani akikoroga uji. Angekuwa nje angenizuia.

Nyumbani kwa Mama Yeremia nilimkuta mkwewe peke yake, anaanika mihogo. Nikamsalimu, "Mwakeye," naye akaitikia kwa tabasamu. Nikashusha gunia, nikatoa jiwe la kwanza, jeusi kwa masizi, nikaliweka chini uani. Yule binti aliliangalia jiwe. Akaniangalia mimi. Akaweka mikono kichwani na kukaa chini palepale kwenye mihogo, akaanza kulia.

Mama mkwe wake alikuwa ameondoka alfajiri bila kuaga, na yeye alidhani amerudi jikoni Kibondo. Sasa amekuja mtu wa serikali na mafiga. Nilijaribu kueleza, lakini Kiha changu kilikimbia na Kiswahili hakikusikika. Majirani wakaanza kuingia, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, mzee mmoja amevua kofia. Mtu akanipa kigoda na pole. Nilikaa kwenye kigoda kile, daftari mfukoni lenye sentensi niliyoiandika mwenyewe, akifariki, watoto wake huja kuyachukua, na nilitamani ardhi inimeze.

Mama Yeremia alitokea njia ya bondeni, jembe begani. Alikuwa ameshinda akipalilia maharage. Aliwaona watu uani kwake, akaongeza mwendo.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mkwewe aliinua uso akamwona. Mama Yeremia akapita katikati ya watu, akayaona mawe, akayatambua, akaniona mimi kwenye kigoda.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Watu walicheka kwanza, kicheko kile cha waliokuwa wameshika pumzi, na mkwewe akacheka na kulia pamoja. Mimi sikuweza. Nilisimama nikamwambia mbele ya majirani wote kwamba nimemkosea. Nilisema jina lake nililiacha mimi, mafiga yake niliyatupa mimi, na hata leo nilikuja kuomba radhi nimemletea msiba. Nilisema nina aibu. Hilo sikuwahi kulisema katika kikao chochote.

Aliketi chini, akautua mkono wake juu ya jiwe.

"Mimi nimeandikwa mara nyingi, Bwana Maendeleo," akasema. "Tulipovuka waliniandika. Kambini waliniandika. Uraia ulipokuja waliniandika tena, na nilifurahi, nina cheti, nimekifunga kwenye nailoni. Lakini pale jikoni hakuna aliyeniandika. Nilikuja tu na mawe yangu nikakaa, na watu wakaona nipo. Ndipo wewe ukaja na kalamu."

Nikamwambia wagonjwa watatu hawajala tangu Jumatatu ila mikate ya muuguzi. Hapo ndipo alipokasirika, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomwona amekasirika. Aliuliza kwa nini sikuanza na hilo. Akasimama, akamwagiza mkwe afunge maharage makavu kwenye kitambaa.

"Ego, ndiyo, nitakuja," akasema. "Lakini haya uyarudishe wewe kwa mikono yako, sasa hivi. Hayalali hapa."

Niliyarudisha. Nilipofika jikoni na gunia, Mama Tatu aliniuliza nimetoka wapi nayo, na nilipomweleza alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akaondoa ndoo ya kunawia mlangoni. Niliyapanga mwenyewe, alinisahihisha mara mbili. Mama Yeremia alifika mchana ule kwa bodaboda na maharage yake, akawasha moto, akapindua chungu.

Alhamisi kamati ilikuta mafiga ya watu kumi na wawili chini yakiwaka moto, na nyuma yake majiko kumi na moja mapya yanatumiwa na ndugu wa wagonjwa, waliokuwa wameyapenda sana. Madiwani waliuliza kwa nini wanakikundi wenyewe wanapika kwenye mawe. Nilikuwa nimeandaa taarifa ya kurasa sita. Niliiweka chini nikawaeleza habari yote, pamoja na orodha niliyoipunguza na msafara wangu wa Busunzu. Diwani mmoja wa Kiha alifunika uso kwa faili, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nikasema mkataba ule sitauleta mezani ukiwa na majina kumi na moja, na kama hauwezi kuwa na kumi na mawili basi mzabuni aje na mgahawa wake, lakini kwanza aseme wasio na mtu watakula kwa nani.

Mwanasheria wa halmashauri, kijana mpole, alinyoosha mkono. Akauliza kama huyo mama ana cheti cha uraia. Nikasema anacho, amekifunga kwenye nailoni. Akasema basi kinatosha, kanuni zinaruhusu cheti wakati namba inasubiriwa.

Kinatosha. Kingetosha tangu mwanzo. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote, sikufungua hata ukurasa, mimi mpenda miongozo. Kati ya mambo yote ya kazi yangu, hilo ndilo linaloniamsha hadi leo.

Mkataba ulisainiwa palepale jikoni, juu ya meza ya kukatia mboga. Ilipofika zamu yake, Mama Yeremia alisema kuandika anaweza, lakini siku hiyo anataka dole. Nikafungua pedi. Nilimshika mkono, wenye ngozi ngumu na harufu ya moshi, na nikakumbuka. Nikataja kwa sauti, "Anisia Nahimana."

Alinitazama usoni. "Ndimi," akasema. "Nipo."

Nikalibiringisha dole lake taratibu, kutoka upande huu hadi huu.

Hiyo ndiyo habari ya jiko, Devota. Katiba ipo, na kifungu cha uanachama nilikiandika upya: mwanachama ni mwenye mafiga jikoni, na orodha hufuata mafiga. Wageni wanakiruka, wanadhani ni mapambo. Namba ya Mama Yeremia ilitoka baadaye sana, na aliifunga kwenye nailoni ile ile.

Niliporudi kuwaaga akina mama sikupewa blanketi wala sahani ya ukutani. Mama Yeremia, ambaye siku hizi hutembea kwa mkongojo lakini haruki zamu, aliniambia kwamba sasa sina kazi, na mtu asiye na kazi anaweza kupika. Nikasema mimi mwanamume, sijui hata kusonga. Mama Tatu akasema nitafundishwa, na nisithubutu kwenda mtoni.

Nilipanda mlima wiki ile ile. Ilinichukua asubuhi nzima, na mawe mawili kati ya yale niliyoyateremsha yalikataliwa, nikapanda tena. Sasa yamekaa mwisho wa mstari, upande wa pili wa mlango, jirani na ya Mama Yeremia, kwa hiyo akiwa safarini zamu yake naipika mimi. Maharage yangu wagonjwa wanayasema, lakini wanayamaliza. Wanangu wawili wa kuzaa walipokuja likizo niliwapeleka jikoni, nikawaonyesha mafiga yangu ni yapi, wayajue.